Zamu yangu ya mchezo imefika: ninunue stima ya uso?

Shikamoo dada mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Kigamboni. Alfajiri nauza supu na chapati karibu na kituo cha daladala. Safu hii naisoma muda mrefu kimyakimya, lakini naona wenzangu wanaandika habari za talaka na mirathi, basi yangu nikaiona ndogo mno. Yangu ni ya uso. Naomba usinicheke.

Tangu nijifungue huyu wa mwisho, ambaye sasa ana miaka mitatu, nimetokwa na madoa ya kahawia mashavuni, kushoto na kulia, na mengine juu ya mdomo, mpaka nikipiga picha utadhani nimeota sharubu. Puani nina vile vichunusi vyeusi. Zamani watu walikuwa wananiuliza napaka nini. Juzi mume wangu, mbele ya wifi yangu, akasema, "Huyu mama siku hizi uso umemchoka kweli." Akacheka, wifi akacheka, na mimi nikacheka. Usiku sikulala.

Nina shoga yangu mwenye saluni. Aliniangalia akasema vinyweleo vyangu, yaani vile vitundu vya ngozi, vimeziba, uchafu umejaa, dawa yake ni mvuke mara mbili kwa wiki. Akanifanyia fesho bure: akaniweka kwenye stima, ile mashine ya mvuke, akanisugua na skrabu, akanikamua pua na mashavu, akamalizia na maski. Dada, nilitoka pale nang'aa! Nilirudi nyumbani kwa miguu makusudi ili watu wanione. Lakini haikupita wiki, mashavu yakawa meusi kuliko mwanzo. Shoga yangu anasema huo ni uchafu unatoka, nisiache katikati.

Sasa yeye anabadilisha vyombo vya saluni, na ile stima yake ya kusimama, yenye magurudumu, yuko tayari kuniachia kwa 150,000, hata kwa mafungu. Nikapita Kariakoo nikaona na zile ndogo za mezani kwa 45,000, boksi limeandikwa "nano" na picha ya Mzungu anatabasamu. Muuzaji akaniambia hiyo inaingiza maji mpaka ndani ya ngozi, na kwamba ile ya saluni ni mambo ya zamani.

Fedha ninayo, au nitakuwa nayo. Mwisho wa mwezi ni zamu yangu kwenye mchezo wetu wa akina mama, naokota 300,000. Tatizo, tulikwishakubaliana na mume wangu kwamba hiyo ni ya jiko la gesi na vitu vya shule vya binti yetu. Nilipogusia habari ya stima alicheka tena. "Mvuke? Si unao wa supu kila siku, tena wa bure?" Basi nikanyamaza. Moyoni nafikiria ninunue, niiweke saluni kwa shoga yangu, mume wangu asijue.

Kuna sababu nyingine. Binti yangu ana miaka 14 na chunusi zimemjaa paji lote la uso. Usiku mmoja nilimkuta anapiga nyungu peke yake chumbani, sufuria liko sakafuni linachemka majani ya mwarobaini, yeye amejifunika kanga, na mdogo wake anavuta ile kanga kwa nje akidhani ni mchezo. Mwili ulinisisimka. Nikasema, kama tungekuwa na mashine, si ingekuwa salama zaidi kwetu wote wawili?

Na mwezi wa kumi na mbili tunamuaga mdogo wangu anayeolewa. Mimi ndiye nitakaekaa naye pale mbele, kwenye picha zote. Sitaki kwenda na uso huu.

Kingine, sijui kama kinahusu: napaka krimu ya kuchanganyiwa, kopo jeupe halina jina, nainunua kwa mama mmoja sokoni. Inasaidia kiasi, ila nikiikosa siku mbili tatu uso unawasha na kuvuta.

Ninunue? Kubwa au ndogo? Au ni anasa tu na mume wangu ana haki ya kucheka?

Mama Supu, Kigamboni


MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mdogo wangu. Sijacheka, na sioni cha kuchekesha. Mtu akizoea kusifiwa uso, halafu siku moja asikie "umechoka" mbele ya wifi, hilo linauma, hata kama aliyelisema hakulikusudia. Kwa hiyo kabla ya mashine, naomba tukubaliane kwamba unachokitafuta si kitu cha kipuuzi.

Ulichouliza ni ununue ipi. Ila barua yako imebeba zaidi ya hapo: madoa, pua, neno la mume, fedha zilizokwishapangiwa kazi, binti na nyungu yake, sherehe, na lile kopo jeupe ulilolitaja mwishoni kana kwamba halina maana. Nitayagusa yote, si kwa urefu sawa. Na la kununua au kutonunua nitakuachia mwenyewe, maana unayeujua mfuko wako na nyumba yako ni wewe.

Tuanze na mvuke unafanya nini hasa. Tumezoea kusikia saluni kwamba unafungua vinyweleo. Vinyweleo havina misuli ya kujifungua na kujifunga. Kinachotokea ni kwamba joto na unyevu hulainisha mafuta yaliyoganda ndani yake pamoja na ngozi iliyokufa juu, ndiyo maana kukamua pua baada ya mvuke huwa rahisi. Damu nayo husogea karibu na ngozi, na ngozi hunywa maji kidogo, uso ukajaa na kung'aa. Ule mng'ao uliorudi nao kwa miguu ulikuwa wa kweli. Tatizo lake ni kwamba hudumu saa chache. Na weusi wa vile vichunusi vya puani si uchafu. Ni mafuta na rangi ya ngozi yako mwenyewe vilivyobadilika baada ya kukutana na hewa. Hujawahi kuwa mchafu, mdogo wangu. Ukiosha uso mara mbili kwa siku umemaliza upande huo.

Kwa hiyo kwa pua yako, stima inaweza kusaidia kidogo. Kwa madoa je? Hapo ndipo ninapotaka twende polepole.

Madoa uliyoyaeleza, ya kahawia, pande zote mbili sawia, mashavuni na juu ya mdomo, yaliyokuja na ujauzito, yanafanana sana na yale ambayo wataalamu wa ngozi huyaita melasma. Sikupimi kwa barua; anayeweza kuthibitisha ni mtu aliyeona uso wako. Lakini kama ndiyo yenyewe, rangi ile imekaa ndani ya ngozi na mvuke hauitoi. Melasma huchochewa na homoni za ujauzito na za baadhi ya njia za uzazi wa mpango, hasa vidonge, na huchochewa zaidi na jua. Joto nalo wataalamu wengi wanalihesabu miongoni mwa vichochezi. Hukuniambia unatumia njia gani ya uzazi wa mpango. Hilo mwambie atakayekuona kliniki.

Sasa rudi kwenye ile fesho. Joto la stima, halafu skrabu, halafu kukamuliwa mashavu, na baada ya siku chache mashavu yakawa meusi. Shoga yako anasema ni uchafu unatoka. Hebu tulitazame na kwa upande mwingine: ngozi nyeusi ikiumizwa, hata kidogo, hujibu kwa kuweka rangi pale palipoumia. Ndiyo maana chunusi iliyokamuliwa kwa kucha huacha alama miezi na miezi. Kwa jinsi ulivyoeleza, huenda uso wako ulikuwa unalalamika. Shoga yako simlaumu, alikufanyia kwa mapenzi na bure, na kwa mteja mwenye ngozi ya mafuta isiyo na madoa mambo hayohayo yangeweza kwenda vizuri. Lakini "usiache katikati" ni ushauri ambao ningeusimamisha kwanza.

Na hapa sina budi kumpa mumeo nusu alama. Alikukejeli, na ile kejeli ingeweza kusubiri mkiwa wawili. Lakini ndani yake kuna jambo ambalo hata yeye hakujua amelisema: mvuke unao. Kila alfajiri unafunua sufuria la supu, unainama uchungulie, wingu lote linakupanda usoni, chini yake kuna jiko linawaka, halafu unageukia chuma cha chapati, na jua likishapanda bado uko pale kituoni. Mtu wa namna hiyo akiuliza aongeze mvuke nyumbani jioni, mimi kwanza ningeuliza aupunguze vipi asubuhi. Funua mfuniko kwa kuuinamishia upande usio wako, wingu lipite, ndipo uchungulie. Tumia upawa wenye mpini mrefu. Usisimame upande ambao upepo wa bahari unakuletea joto la jiko. Vaa kofia yenye ukingo mpana, na upake losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga kinachoandikwa kwenye chupa) 30 au zaidi, urudie kila baada ya saa mbili, maana jasho huiondoa. Zile zenye rangi kidogo, kama fondesheni nyepesi, zina madini ya chuma yanayozuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, na kwa melasma kwenye ngozi zetu hizo hufaa kuliko zile nyeupe tupu.

Hata lile jiko la gesi mlilopanga, kwa uso wako halipo mbali na mada kama linavyoonekana. Gesi unaizima ukimaliza. Mkaa unaendelea kukuchoma mpaka uishe wenyewe. Sisemi ndilo ulichague. Nasema tu usiliweke upande wa "mambo ya nyumba" na stima upande wa "mambo yangu", kana kwamba havikutani.

Sasa lile kopo.

Uliandika, "sijui kama kinahusu." Kwangu mimi ndiyo sentensi nzito kuliko zote. Krimu za kuchanganywa mtaani mara nyingi huwa na steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), hidrokwinoni (dawa ya kung'arisha ngozi), au hata zebaki. Hivi vyote Tanzania imevipiga marufuku kwenye vipodozi, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Steroidi ikipakwa usoni kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba, na ngozi nyembamba huungua kwa mvuke ambao mwenzako angeuvumilia. Hidrokwinoni ya miaka inaweza kugeuza madoa ya kahawia kuwa ya bluu-nyeusi, tena magumu mno kutoka. Zebaki huingia mwilini na kudhuru figo, na watoto wanaogusana na uso na mikono yako nao huipata. Ule muwasho na kuvuta unapoikosa siku mbili tatu ni ishara ambayo daktari wa ngozi angependa kuisikia, kwa sababu ngozi iliyozoea steroidi hufanya hivyo.

Sijui ndani ya kopo lako mna nini, na yule mama wa sokoni huenda naye hajui. Lakini mpaka ijulikane, kuweka mvuke juu ya ngozi hiyo ni kuongeza jambo usilolijua juu ya jingine usilolijua. Na ukiitupa krimu leo bila usimamizi, uso unaweza kulipuka kwa vipele na muwasho wiki kadhaa, ukadhani krimu ndiyo iliyokuwa inakusaidia, ukairudia. Ndiyo maana nasema wahi kliniki ya ngozi mapema, siyo "nikipata nafasi". Muhimbili ipo, na hospitali za rufaa za mikoa zinaweza kukuona au kukuelekeza. Daktari anaweza hata kukuandikia dawa ambayo kwenye vipodozi imepigwa marufuku, ila kwa kipimo na kwa miezi inayojulikana, huku akikuangalia. Hiyo ni tofauti kubwa na kopo lisilo na jina.

Haya, tuseme umeonwa, umeambiwa ngozi yako inaweza kuvumilia, na bado unaitamani stima. Ni haki yako. Kukaa dakika chache umefumba macho bila mtu kuita "mama" ni faida ambayo mimi siidharau. Basi tuzitazame hizo mbili.

Ile ya saluni. Ina nguvu, ina shingo ndefu, na imeundwa kwa mtu aliyelala huku mwingine anaiangalia. Nyumbani utakuwa peke yako, umelala chini ya bomba linalotoa mvuke wa maji yanayochemka, na mtoto wa miaka mitatu anazunguka kwenye magurudumu. Kabla hujatoa hata shilingi, mwombe shoga yako aiwashe mbele yako, halafu chungulia ule mtungi wa kioo na ile koili ya kupasha maji. Kama koili imefunikwa na ukoko mweupe, hiyo ni chokaa ya maji, na mashine yenye ukoko hutema. Unakuwa umetulia, mara tone la maji ya moto linakutua kwenye kope. Angalia pia kama ina swichi iliyoandikwa "ozone" na taa ya bluu kwenye mdomo wa bomba. Wengi huwasha kwa kudhani inaua vijidudu tu. Ozoni ni hewa inayowasha koo na mapafu, na kwenye nyumba yenye mtu wa pumu haifai kabisa. Na uliza swali la shoga kwa shoga: kwa nini anaibadilisha?

Ile ndogo ya mezani ni rahisi kuihifadhi na bei yake haivunji mpango wa nyumba. "Nano" lisikutishe wala lisikutongoze. Ni kweli matone yake ni madogo, lakini ngozi kazi yake ni kuzuia maji yasiingie ovyo, na tone dogo halibadilishi kazi hiyo. Angalia mambo yanayoonekana. Iwe imeandikwa volti 220 mpaka 240. Zile za soko la Marekani za volti 110 au 120 ukizichomeka kwenye umeme wetu zinaungua. Plagi iwe ya pini tatu bapa, au uwe na adapta imara, maana kulazimisha pini mbili nyembamba kwenye soketi zetu kwa kijiti ndiyo mwanzo wa cheche. Ijizime yenyewe maji yakiisha. Tangi litoke, lioshwe, likauke. Mwambie muuzaji aiwashe palepale, pale Kariakoo wamezoea kupimisha vitu, isimame dakika kadhaa, kisha weka mgongo wa mkono wako umbali wa kama sentimita 30. Ukihisi uvuguvugu laini, sawa. Ukihisi matone yanarushwa, irudishe. Umeme usikusumbue: mashine ya wati 300 kwa dakika kumi inakula kama sehemu moja ya ishirini ya uniti moja ya LUKU.

Maji ndiyo yatakayokusumbua zaidi. Kigamboni visima vingi vina chumvi, na mwenyewe unajua birika lako linavyokuwa jeupe ndani. Maji hayo yataiua mashine ndogo upesi, na kabla haijafa itakuwa inakutemea. Watengenezaji hupendekeza maji yaliyotoneshwa, yasiyo na madini. Ukiyakosa, maji ya kunywa ya chupa yana nafuu kuliko ya kisima. Usishawishike na maji ya betri ya gereji. Kwenye rafu ileile huwekwa na yale makali yenye asidi, na chupa hufanana. Mara kwa mara safisha tangi kwa maji yaliyochanganywa na siki nyeupe, suuza vizuri, na kila ukimaliza mwaga maji yaliyobaki badala ya kuyaacha yalale humo. Usitie mikaratusi, mafuta ya mchaichai wala manukato ndani ya tangi, labda kijitabu chake kiseme inaruhusiwa. Plastiki huharibika, na macho na kifua vitakulaumu.

Matumizi yenyewe hayana mengi. Iwe jioni, kazi zimekwisha, jua limezama. Osha uso kwanza. Mashine iwe juu ya meza ngumu, siyo kitandani wala mapajani. Kaa mbali kiasi kile ulichopima kwa mkono, dakika tano zatosha kwa kuanzia, mara moja kwa wiki na si zaidi. Ukihisi kuchomwa au kuvutwa, ondoka, usivumilie. Siku hiyo usipake dawa za chunusi zenye kuchubua wala usisugue kwa skrabu. Ukimaliza, gusagusa uso kwa taulo safi, na kabla haujakauka paka mafuta yako ya kulainisha, vinginevyo maji yanapokauka ngozi hubaki kavu kuliko ilivyokuwa. Mashavu yenye madoa unaweza kuyakwepesha kabisa: elekeza mvuke puani, mashavu yafunike kwa kitambaa chenye maji baridi. Au achana na mashine, lowesha taulo dogo kwa maji ya vuguvugu, likamue, lilaze puani dakika chache. Pua haitajua tofauti kubwa, na hiyo haidai zamu ya mchezo.

Kuhusu binti yako, hapo ningekuwa mkali kidogo. Tangu 2020, nyungu iliporudi kwa kishindo wakati wa UVIKO-19, watoto wengi wamejifunza kwa kutuangalia. Sufuria linalochemka sakafuni na mtoto mdogo anayevuta kanga ni ajali iliyokosa kutokea kwa bahati. Mvuke huunguza vibaya kwa sababu unapogusa ngozi na kugeuka maji huachia joto lote ulilobeba. Ikitokea, ni maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, kisha hospitali. Siyo dawa ya meno, siyo mafuta ya kupikia. Mashine ni salama kuliko sufuria, hilo nakubaliana nawe. Lakini je, binti anahitaji mvuke? Chunusi za umri wake hutokana na homoni na mafuta, na mvuke hauziponyi. Famasi kuna dawa ya kupaka ya benzoili peroksaidi. Aanze na ile ya nguvu ndogo, ajue inapausha mashuka na nguo, na ajue matokeo huchukua wiki nane hadi kumi na mbili. Nendeni kliniki pamoja siku hiyohiyo. Na umwangalie asije naye akalifungua lile kopo jeupe. Mabinti huonja vya mama zao.

Sherehe ya mdogo wako ni mwezi wa kumi na mbili. Melasma haiondoki kwa wiki. Ikitibiwa vizuri hufifia kwa miezi. Ukianza sasa huenda utafika ikiwa imepungua, na iliyobaki mpambaji mzuri anaifunika. Kosa ambalo wengi hulifanya ni kujaribu kitu kipya wiki ya mwisho. Iwe stima, iwe maski, iwe krimu ya mtu, wiki mbili za mwisho usiuletee uso mgeni.

Limebaki la kuficha. Kuiweka saluni ili mume asijue kunawezekana, lakini fikiria inavyoendelea: mchezo unaokotwa, fedha inapungua, jiko la gesi linachelewa, unatafuta la kusema. Na mashine yenyewe ikiwa saluni kwa shoga yako, yako ni kwa jina tu; wateja wake ndio wataitumia. Hatari ya kumwambia mumeo nayo ipo: anaweza kucheka tena, na safari hii ikauma zaidi. Najiuliza kama mumeo anajua kwamba hukulala usiku ule. Pengine anadhani mlicheka wote watatu, kwa sababu ndivyo alivyoona. Ungeweza kuanzia hapo, mkiwa wawili, bila kutaja mashine kabisa: "Siku ile mbele ya dada yako uliniumiza." Atakachojibu kitakuambia kama ile 45,000 ni ya kujadili mezani au la. Wapo wanawake ambao kwenye kila zamu ya mchezo hutenga sehemu yao na kuitangaza wazi, "hii ni yangu, msiniulize," na nyumba ikaenda. Wapo ambao kwao hilo halipiti. Wewe unaijua ya kwako.

Ukienda kliniki, libebe kopo lenyewe na krimu yake ndani, usieleze kwa maneno tu. Wapelekee na picha za uso wako za kabla ya ujauzito kama unazo kwenye simu, na utaje tarehe ya ile fesho. Kisha niandikie walichokuambia kuhusu krimu hiyo, maana si wewe peke yako unayenunua kwa yule mama.

Mshauri wako